Simenti Iliyongoja Wakubwa

Kabla hajasema jambo lolote, alikuwa anatusalimia wote, cheo kwa cheo. Alianza na wakubwa wa mbali ambao hawakuwepo, akashuka kwa mapadri na mashehe, akapita kwa wakuu wa shule, wakuu wa mitaa, chama cha mama wauza samaki wa ziwa Tshangalele, chama cha madereva wa pikipiki, wastaafu, wajane, wagonjwa walioshindwa kufika, mpaka akatua kwa wale wa mwisho: "Na bale bote benye sikubataja, njo ba kwanza mu roho yangu." Hapo jua lilikuwa limeshatupiga nusu saa nzima. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu Likasi tunamwita Yaya, alikuwa ananikonyeza na kuninong'oneza, kwa Kiswahili chetu ambamo "njo" ni "ndiyo": "Sasa njo anaanza."

Sisi tulimwita Meya. Kwenye karatasi alikuwa burugumesta, mkubwa wa komini moja tu ya mji, lakini nani ana muda wa kutamka burugumesta akiwa na haraka? Yeye mwenyewe alikuwa anakataa kidogo, halafu anaitika.

Mimi nilimjua kwa sababu ya viti. Yaya na mimi tuna viti vya plastiki mia moja, vyeupe, vyenye alama ya rangi nyekundu mgongoni ili visipotee, na mahema mawili. Tunavikodisha kwa harusi, misiba, ubatizo, na shughuli za komini. Shule niliiachia katikati, lakini kichwa changu hakikuacha kuota. Naota ukumbi. Ukumbi wa kweli, wenye feni juu na kioo kirefu mlangoni ambapo bibi harusi anajitazama kabla ya kuingia. Nilimwambia Meya ndoto hiyo siku moja nikiwa napanga viti. Hakucheka. Alitoa kalamu, akaiandika kwenye daftari lake, akaniuliza: "Mulango itaangalia wapi?" Sikuwa nimefikiria. Mpaka leo ni mtu pekee aliyeniuliza mlango utaangalia wapi.

Sijui alizaliwa wapi. Nilipopata akili alikuwa tayari mzee, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na kofia ya kijivu, na suruali aliyoipiga pasi ya makaa mwenyewe mpaka mkunjo wake uliweza kukata mkate. Mke wake, aliyemwita Tata, yaani baba, alikuwa anasema kwa sauti ili mtaa usikie: "Leso yangu ikiungua, Tata eko ananyamaza. Suruali yake, wee! Hakuna muntu anabakia mu nyumba."

Popote alipokwenda alibeba mfuko wa ngozi uliochakaa. Ndani mlikuwa na mkasi, utepe mwekundu uliokunjwa vizuri, kitambaa cha mkono na kalamu mbili. Zamani, walikuwa wanafungua darasa jipya, mkubwa fulani akafika na mkasi haukuonekana. Walitafuta mtaa mzima. Mwisho utepe ukakatwa kwa wembe wa kinyozi, na mkubwa yule akajikata kidole mbele ya kamera. Meya hakuwa meya bado, alikuwa karani tu mlangoni, lakini aliona aibu kana kwamba damu ile ni yake. Kuanzia siku hiyo, mkasi. Hata kwenye misa. Hata kwenye msiba wa shemeji yake nilimwona anafungua mfuko atoe kitambaa cha machozi, mkasi ukaanguka, watu wakageuka.

Alikuwa mtu wa namna mbili, na zote mbili za kweli. Alivua viatu vyake akampa mzee mmoja aliyekuja kufunga ndoa na ndala, akasimamia harusi ile kwa soksi nyuma ya meza, na hakuna aliyejua ila sisi tulioinama kukusanya viti. Lakini ukimwazima kikombe chako, hakirudi. Alisafisha mitaro ya mtaa mzima kwa mikono yake, na mtaro wa mlango wake mwenyewe ulikuwa unanuka. Mtu yeyote alimpokea nyumbani, mchana wowote, hata mwendawazimu wa sokoni. Lakini simu ikitoka Lubumbashi, kwa wakubwa wa jimbo, alikuwa anasimama. Namaanisha, anasimama wima. Nilimkuta anakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, simu ikalia, akanyanyuka, akafunga kifungo cha koti kwa vidole vyenye mboga, akasema "Ndiyo, Excellence" mara tisa. Kisha akakaa, na hakuweza tena kula.

Siku moja nzima ya Meya ningependa uione. Chukua Jumamosi ile ya jogoo, maana ndiyo iliyoleta yote.

Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mji, anakoroga tope kwa jembe pamoja na mama wa sokoni, na mama hawakumhurumia. "Meya, vuta jembe! Unaishika kama kijiko ya supu!" Naye anacheka, anavuta, tope linamrukia kila mahali ila kwenye suruali. Hilo sikulielewa kamwe. Saa mbili alipandisha bendera shuleni na kugawa daftari kwa wanafunzi wa kwanza; kwa kuwa daftari zilizidi, akagawa kwa wa mwisho pia, akiwaambia kwamba wao ndio wanazihitaji zaidi. Saa nne alifungisha ndoa mbili komini. Saa sita alipeleka sabuni kwa wazazi wa maternite, hospitali ya kujifungulia, ng'ambo ya mto. Saa saba, msiba. Saa tisa, harambee kwenye uwanja wa parokia.

Na kila mahali pale viti ni vyetu, vile vile mia moja. Kwa hiyo tulikuwa tunakimbia mbele yake na pus-pus, ule mkokoteni wa kusukuma, tukipanga hapa, tukiondoa kule. Asipofupisha hotuba, na hakufupisha, tulilazimika kuwatoa watu wa nyuma kwenye viti kabla hajamaliza. Siku hiyo kwenye ndoa ya pili alikuwa bado yuko kwa wajane na wagonjwa wakati safu tatu za mwisho zilikuwa zimeshakaa juu ya matofali. Aliona. Akaongeza bila kupumua: "Na wale benye banakaa chini, batatusamehe, viti viko mu safari."

Harambee ile ilikuwa ya daraja.

Lazima nieleze. Mtaa wetu uko upande mmoja wa mto mdogo; maternite iko upande wa pili, karibu kiasi kwamba asubuhi tunasikia wauguzi wakiimba. Kiangazi unavuka kwa magogo mawili bila kulowa. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka milimani mekundu, yanabeba magogo, na njia inayobaki ni kuzunguka mbali kabisa hadi barabara kubwa ya malori, kwenye tope ambalo pikipiki zinakataa. Kila mwaka mwanamke fulani anafika ukingoni na uchungu na hawezi kupita. Daraja la watu kwa miguu, nguzo mbili na ubao wa zege. Hakuna alilolitaka Meya zaidi ya hilo tangu apewe cheo. Na mwaka ule Yaya alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza, baada ya kungoja miaka sita.

Sasa, kwetu harambee inaendeshwa kwa jogoo. Jogoo mmoja. Unamnunua kwa mnada, watu wanapiga makofi, kisha unamrudisha, ananunuliwa tena. Meya alikataa fedha. Alisema fedha inayeyuka mikononi mwa watu wazuri. Alitaka mifuko ya simenti tu, na iletwe.

"Mufuko moja!" Katekista mwenye sauti ya tarumbeta alikuwa anamnyanyua jogoo kama kombe. "Nani anaongeza? Mutaangalia jogoo ya watu bure? Mbili! Tatu kwa yule wa duka ya dawa! Ee, Papa, tatu ni haya, bibi yako anakuangalia!"

Mzee Ramazani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu ambaye familia yake ilitoka Maniema zamani, aliinua mkono taratibu. "Kumi. Na jogoo murudishe, mutu asimuchinje bila bismillah."

Watu walipasuka kwa kicheko. Jogoo akarudishwa, akauzwa tena kwa walimu wa shule, akauzwa kwa kwaya, akauzwa kwa madereva waliochanga mfuko mmoja watu saba. Alikuwa amechoka kiumbe yule, amelaza shingo.

Ndipo Yaya akasimama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chetu wenyewe, safu ya mbele, mkono mgongoni. "Mufuko moja," alisema. "Ya mutoto wangu. Apite."

Tulikuwa hatuna mfuko wa simenti, nakuambia ukweli. Bei yake ilikuwa mapato yetu ya kukodisha viti mwezi mzima. Meya alivua kofia. Mwanaume yule aliyehitaji nusu saa kusema yambo, alisema kwa sekunde moja: "Mama, mutoto wako atapita juu ya daraja, kichwa juu." Akampa jogoo amshike. Yaya akalia na kucheka, jogoo akajisaidia kwenye kitenge chake, na mimi nikafikiri: hivi ndivyo dunia itakavyokuwa siku moja, kila siku.

Na simenti ililetwa! Hilo ndilo linaloniuma. Kwetu watu wanaahidi wakipigiwa makofi, halafu wanabadilisha njia wakikuona. Safari hii mifuko arobaini ilifika, siku tatu, kwa pus-pus, kwa baiskeli, kwa kichwa. Nondo zikatoka kwa mkandarasi mmoja wa migodi. Fundi mwashi akasema atajenga kwa chakula tu. Jogoo, kwa kuwa sasa alikuwa mali ya umma, Meya hakuthubutu kumla. Alimfunga uani kwake, na akawa anatuamsha mtaa mzima.

Jumatatu ya wiki ya pili fundi alikuja na mwiko wake. "Tata Meya, tuanze."

"Bado," Meya akasema. "Jiwe ya kwanza."

Lazima awepo mkubwa wa kuweka jiwe la kwanza. Barua ilikuwa imeshapelekwa Lubumbashi, na mihuri miwili.

Usimcheke haraka. Kulikuwa na sababu, na mtaa wote tuliijua. Miaka michache nyuma alisimika bomba la maji karibu na soko, kimya kimya, na vijana wake na fundi mmoja, bila sherehe, bila utepe. Maji yalitoka wiki mbili. Kisha zikaja gari mbili zenye vioo vyeusi: nani kakuruhusu, bomba la nani, kwa niaba ya nani? Aliandikiwa barua ya kuombwa maelezo. Bomba likafungwa kwa mnyororo "mpaka lizinduliwe", na mnyororo uko pale hadi sasa, umeota kutu. Tangu hapo alikuwa na neno lake moja, alilirudia kama mtu anayekariri dawa yake: "Kintu haikuzinduliwa, haina mwenyewe. Batakuya kuikamata."

Kwa hiyo simenti ikaingizwa kwenye stoo ya komini, ikapangwa chini, juu ya sakafu, ufunguo mfukoni mwake. Siku ya sherehe ikatajwa. Tukapanga viti mia moja ukingoni mwa mto. Watoto wa shule walifundishwa wimbo. Meya alinyoosha utepe mwenyewe, toka gogo hadi gogo. Tulikaa tangu saa mbili hadi saa tisa. Watoto waliimba kila mara gari lilipopita barabarani kwa mbali, kisha wakaacha kuimba. Saa tisa simu ikalia, Meya akasimama. "Ndiyo, Excellence. Bila shaka. Ndiyo." Akakunja utepe, polepole, akipima kila mkunjo kwa kidole.

Siku ya pili iliyotajwa ilikuwa hivyo hivyo. Ile ya pili Mzee Ramazani alikuwepo, na baada ya watu kuondoka alimvuta Meya pembeni, karibu na mahali nilipokuwa nafunga viti.

"Tata, iko mwezi wa kumi. Unaona mawingu?"

"Ninaona."

"Miye niko nauza simenti miaka makumi tatu. Simenti haingoje muntu. Pale chini mu stoo, bila mbao, na ile bati yenye kutoboka, mvua mbili tu, itakuwa majiwe."

Fundi naye akaingilia: "Tata, utusaidie. Tuanze musingi tu. Wakubwa bakifika, bataweka ile jiwe juu."

Meya alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemweleza mtoto. "Jiwe ya kwanza haiwezi kuwa ya pili, mwanangu."

Fundi alipangusa mwiko kwenye suruali, ingawa haukuwa na kitu.

Nami nilikuwa na mdomo, sivyo? Nilikuwa na Yaya nyumbani, tumbo limeshuka. Ningeweza kusema. Lakini niliona ile kofia, ile suruali, yule mzee aliyeandika ukumbi wangu kwenye daftari, nikafikiri: atajua. Watu kama yeye wanajua. Hilo ndilo kosa langu, na simtwiki mtu mwingine.

Mvua ya kwanza ilinyesha juma moja kabla ya siku ya tatu iliyotajwa, na haikuacha siku mbili. Stoo ilipofunguliwa, fundi aliingia peke yake kwanza. Tulisikia nyundo. Ko. Ko. Ko. Mlio wa mtu anayebisha hodi kwenye ukuta. Alitoka akasema: "Njo hii."

Mifuko ilikuwa imeganda na umbo lake, na mikunjo ya karatasi, hata na alama ya kamba. Meya aliweka kiganja juu ya mmoja kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Kisha akafunga stoo kwa ufunguo. Sijui alikuwa anamfungia nani.

Uchungu ulimshika Yaya saa nne asubuhi, siku ya mvua. Mume wake ni dereva wa lori, alikuwa njiani mpakani. Tulifika ukingoni mimi, Yaya na jirani mmoja. Maji yalikuwa yamepanda, yanakimbia, magogo hayapo. Wanaume watatu walijaribu kuingia kwanza ili wambebe. Yalimfika wa mbele kifuani akageuka. Paa la bati la maternite lilikuwa pale. Ningeweza kulipiga jiwe. Muuguzi alitoka, akatuona, akapunga mikono yote miwili, naye hakuwa na la kufanya, akabaki anapunga.

Alijifungua saa tisa mchana, kwenye nyumba ya mama mmoja anayelima mchicha kando ya mto, juu ya mkeka. Mvulana. Alilia mara moja, kidogo, kama mtu anayeomba njia. Halafu basi.

Msibani Meya alikuja bila ujumbe, bila gari, bila mfuko wake. Watu walimsogezea kiti cha mbele, hakukaa. Akakaa chini, kwenye vumbi, na ile suruali. Nilingoja asalimie. Kila mtu alingoja. Yaya alikuwa amelala upande, uso ukutani, hakugeuka. Baada ya saa moja Meya alinyanyuka akaondoka, na mama mmoja akasema, si kwa ubaya: "Leo amefupisha."

Aliondolewa miezi michache baadaye. Jina la mwingine lilisomwa redioni wakati yeye anafungisha ndoa. Karani aliingia akamnong'oneza. Aliuliza tu: "Hata hii sahihi ya ndoa, haina nguvu tena?" Karani hakujua. Basi akamaliza, akawaambia bwana na bibi harusi wapendane kwa haraka kabla muhuri haujakauka, watu wakacheka bila kujua, akachukua mkasi wake akaenda nyumbani. Huyo mpya hakutaka stoo iliyojaa mawe. Akaamuru yatupwe nje. Watu wakayachukua: mmoja anakalia akichoma mahindi, mwingine amezuia mlango wa choo. Yaliyobaki yalikaa kwenye majani, na mwaka ukapita.

Mimi bado naota ukumbi. Nimeamua mlango utaangalia mashariki, kwa ajili ya mwanga wa picha. Yaya anacheka ninapoutaja, na siku hizi kicheko chake kinarudi mapema, kwa sababu ana mimba tena. Miezi minane. Daraja hakuna. Jiwe la kwanza hakuna. Mawingu yapo.

Juma lililopita tulikuwa na harusi upande wa pili. Yaya alikataa kubaki nyumbani. Alisema atatembea tu, viti nibebe mimi. Ilikuwa imenyesha usiku, si sana. Tulipofika mtoni tulimkuta Meya ndani ya maji, suruali amekunja hadi magotini, kofia ile ile. Miguu yake myembamba, myeupe kwa baridi. Alikuwa ameviringisha ile mifuko iliyoganda, mmoja mmoja, peke yake, mwezi mzima tuliambiwa, akaipanga kuvuka mto. Maji yalikuwa yameshaifunika kwa kiganja kimoja, hukuiona, ila yeye aliijua. Alishika fimbo, anawaonyesha watu. "Hapa iko jiwe. Sasa hapa. Hapa."

Alituona. Tangu msiba, yeye na Yaya walikuwa hawajasemeshana. Alivua kofia, akanyooka kama simu imelia.

"Waheshimiwa…" alianza, kwa mazoea, kisha akaona kwamba ni sisi wawili tu, na lile tumbo. Akatafuta. Nilimwona anatafuta cheo cha kumpa, kwa sababu kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, na yeye hakuwahi kumsalimia mtu vibaya. "Mama…" akasema. "Mama… Yule mutoto. Alikuwaka na jina?"

Maji yalipita. Yaya alitazama paa la bati.

"Hakufikaka kwa jina, Tata."

Akatikisa kichwa mara nyingi, kama anaandika. "Basi njo Mama tu."

"Njo Mama tu."

Yaya akavua ndala, akazishika mkononi, akaweka mguu majini. Hakumshika mkono aliomnyooshea. Mimi nilikuwa nyuma na viti sita kichwani, na nakuambia moyo wangu mjinga ulianza kufurahi, ulianza kuona daraja.

"Hapa iko jiwe," Meya akasema, na fimbo ikagonga. Yaya akakanyaga. "Hapa." Akakanyaga. Kitenge kilimlowa hadi magoti. "Hapa, Mama. Polepole." Walifika katikati. Meya akachomeka fimbo mbele, ikazama. Akaichomeka kushoto, ikazama. Kulia. Aliinama akapapasa kwa mkono hadi begani, kofia ikaanguka ikaenda na maji, hakuitazama.

Mvua ya usiku ilikuwa imechukua mfuko mmoja.

Alibaki ameinama, uso karibu na maji. Nyuma yangu watu walikuwa wanangoja zamu yao, mama mmoja na ndoo, mwanafunzi na daftari kwenye mfuko wa plastiki. Ng'ambo muuguzi alikuwa anaanika mashuka.

"Hapa hakuna kintu, Mama," alisema. "Rudia tu nyuma."

Yaya alisimama juu ya simenti, huenda ile ya mfuko wake mwenyewe, nani ajuaye, mkono chini ya tumbo. Kisha akageuka, akaanza kutafuta kwa kidole cha mguu jiwe alilotoka, na mzee akamfuata kwa fimbo, akigonga, akimwonyesha njia ya kurudi upande wetu. "Hapa iko. Hapa. Na hapa."